Pipa Lilikuwa Wazi

Siku ya tisa baada ya kumzika Kidoti, mama mtu alitoka nje asubuhi, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kufua taulo za kinyozi.

Shangazi mtu alikuwa amekaa kizingitini pa chumba chake, chai imempoa mkononi. Mwanzo alidhani wifi yake anatoka kuteka maji ya kuoga. Akamwona anavuta beseni, anamimina sabuni, anatia taulo ya kwanza, anaanza kuisugua kama mtu ambaye hana neno na dunia. Akaweka kikombe chini.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nafua."

"Taulo za nani hizo?"

"Za yule yule." Mama mtu hakuinua uso. "Zina wiki mbili ndani, zimeanza kunuka. Taulo hazina kosa, wifi. Njoo unisaidie kukamua."

Shangazi mtu akainuka. Alikuwa na mzigo, na mzigo huo aliujua yeye peke yake. Au alidhani anaujua peke yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na ua mmoja. Viwili vya fundi seremala na mkewe na watoto wao, kimoja cha dada yake fundi, huyo shangazi mtu, ambaye ndoa ilimshinda akarudi kwa kaka yake na sanduku moja. Mawifi hao wawili walikuwa wanafua nguo za watu. Shuka na foronya za gesti ya barabarani Jumatatu na Alhamisi, taulo za kinyozi, mashati ya walimu wawili. Watu walizoea kusema mawifi hawapikwi chungu kimoja, lakini hawa walipikwa, wakaiva. Mmoja akianza kuimba mwenzake anamalizia, na ugomvi wao mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya nani kapoteza vibanio.

Katikati ya ua lilikaa pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la buluu lililokatwa nusu, urefu wake unafika pajani kwa mtu mzima, kwa sababu pipa refu linamchosha mtu mgongo kuinama na kuchota. Fundi mwenyewe ndiye aliyelikata, na ndiye aliyelikatia mfuniko wa plaiwudi, mviringo safi, na kamba juu ya kushikia. Toka Kidoti aanze kutambaa, mama mtu alikuwa na wimbo wake mmoja. Akiwa ndani anapiga pasi, akiwa jikoni, akiwa anamsuka binti mkubwa nywele, kila baada ya muda utamsikia:

"Wifi, pipa limefunikwa?"

Na shangazi mtu hujibu, "Limefunikwa."

Alikuwa anauliza hata mara ishirini kwa siku. Binti mkubwa, mwenye miaka sita, ambaye bibi yake alimwita Kibogoyo baada ya meno ya mbele kumtoka, alikuwa anawaigiza wote wawili kwa sauti mbili, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa hapakuwa na wa kucheka. Ile Alhamisi, saa nne asubuhi, Kidoti aliyekuwa amelala mkekani aliamka, akatoka nje kimya kimya, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yake alipotoka kumtafuta alimkuta ndani ya pipa. Miaka miwili na miezi mitatu, na kile kidoti cheusi shavuni kama alichorwa kwa kalamu.

Polisi walikuja, wakaliangalia pipa, wakaandika kwamba ni ajali, wakaondoka. Mtaa haukuandika kitu, lakini ulihukumu. Kabla hata ya maziko, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alishika simu yake akatuma sauti kwenye kundi la mtaa, na sauti hiyo ikazunguka kama moto wa majani: "Jamani, mtoto anazama hatua tatu kutoka mlangoni, mama yupo ndani anapiga pasi! Mashati ya watu yamenyooka, mtoto hayupo. Hawa ndio wazazi wetu wa leo."

Basi kila mtu akatia chumvi yake. Wa kwanza akasema alikuwa anaongea na simu. Wa pili akasema alikuwa amelala. Ilipofika siku ya tatu, mama mtu alikuwa saluni anasukwa, tena mtindo wa gharama, ingawa kila mwenye macho aliona kwamba kichwa chake kilikuwa na nywele fupi kama za mtoto wa kiume. Gesti wakachukua shuka zao. Mwalimu mmoja akatuma mtu afuate mashati yake, hata hayajakauka. Bombani, mama mtu akifika na ndoo, mazungumzo yanakatika kama redio iliyoishiwa betri. Yeye huwasalimia wa kwanza, mmoja mmoja, anauliza hali za watoto wao, anakinga maji yake, anaondoka. Shangazi mtu alikuwa nyuma yake siku zote hizo. Aliona mgongo wa wifi yake umenyooka chini ya ndoo, akajiambia: mimi nisingeweza. Mimi ningelala ndani nikavuta shuka mpaka kichwani.

Na hakuna neno lililomkata maini kama hilo moja ambalo wifi yake alirudia kwa kila aliyeuliza, polisi, majirani, mama mkwe: "Pipa lilikuwa wazi. Pipa ni langu." Hapo hapo anafunga mdomo.

*

Taulo zilikauka kabla ya adhuhuri. Mama mtu akazikunja pembe kwa pembe, akazipanga kwenye kikapu, akamwambia wifi yake, "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mwenyewe. Ulitaka nimrushie dirishani?"

"Mpe Kibogoyo apeleke, wifi. Usijitie mdomoni mwa watu."

"Nipo mdomoni mwao tayari. Acha nikawaone meno."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, bwana mmoja mnene, nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado. Kwenye benchi walikaa wawili wanasubiri. Mama mtu alipoingia, mmoja wao akajifanya anasoma bango la mitindo ya nywele ukutani, kana kwamba kesho ana mtihani. Kinyozi akazima mashine.

"Hamjambo humu ndani?"

Wakaitikia, kila mmoja kwa sauti ya chini.

"Taulo zako hizi hapa. Moja ilikuwa na doa la dawa ya nywele, nimejitahidi halikutoka lote. Nimeliweka juu ulione mwenyewe."

"Ah, Mama Kidoti." Kinyozi alikuwa kijana mwenye maneno mengi siku zote, leo alihangaika kutafuta machache. "Hukuwa na haraka ya kuleta. Pole. Pole sana kwa kweli."

"Asante. Ile sauti yako niliisikia."

Bwana mnene kitini akafumba macho, kama mtoto anayedhani akifumba haonekani.

"Ulisema nilikuwa ndani napiga pasi," mama mtu akaendelea, sauti ileile aliyoisemea doa. "Ni kweli. Ulisema pipa lilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Mimi nimezipima, ni nne, lakini sikudai hatua moja. Sasa wenzako wamesema nilikuwa saluni nasukwa." Akapitisha kiganja juu ya kichwa chake kifupi. "Wewe kichwa hiki unakinyoa kila mwisho wa mwezi kwa mkono wako. Hapo ungenisaidia kidogo, ndugu yangu. Ungewaambia mnanisukia wapi."

Mtu wa benchi akatoa mlio puani, cheko limemponyoka, akalimeza haraka, likamwingia njia mbaya, akaanza kukohoa. Kinyozi alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa anaisafisha mashine isiyo na uchafu.

"Nilisema kwa uchungu, dada. Nilimwona mtoto yule kila siku. Alikuwa anapita hapa ananipungia mkono."

"Najua. Alikupenda wewe na kioo chako." Shangazi mtu akaona kidole gumba cha wifi yake kinasugua ukingo wa kikapu, kinasugua, kinasugua. "Wa kwako ana umri gani sasa?"

"Wangu? Mwaka na nusu."

"Kwako mna pipa?"

"Lipo. La maji ya kuogea."

"Lina mfuniko?"

Kinyozi akageuza macho upande wa nyumba yake.

"Nenda ukaangalie," mama mtu akasema.

"Nikifunga jioni nita..."

"Sasa hivi. Nyumba yako ipo nyuma hapo. Huyu bwana atakusubiri, hawezi kwenda popote na kichwa cha namna hiyo."

Mwenye nusu kichwa akafumbua macho, akajitazama kiooni, akasema, "Nenda, kinyozi. Mimi nipo." Na kinyozi akaweka mashine juu ya meza akatoka. Hakukimbia mwanzo. Alianza kwa kutembea, halafu walipomtazama kutoka mlangoni wakaona anaongeza hatua, alipofika konani alikuwa anakimbia, taulo bado begani.

Mama mtu akachukua kikapu chake kitupu. Shangazi mtu alikuwa hatua moja nyuma yake njia nzima. Alitaka kumshika wifi yake mkono pale pale barabarani aseme, lakini akafikiria: nikisema, nitaishi wapi? Kaka atanitazamaje? Akameza. Alikuwa amemeza siku tisa, akameza tena.

*

Nyumbani walimkuta bibi mtu, mama mzazi wa fundi, amekaa kwenye kiti cha mwanawe, na miguuni pake begi.

Alikuwa amekuja kwa msiba akabaki. Alikuwa mama wa watoto saba, wote hai, wote watu wazima, na aliitaja hesabu hiyo mara nyingi katika siku tisa hizo bila kuulizwa. Kwenye begi alikuwa ameshapanga nguo za Kibogoyo. Viatu vya shule vilikuwa juu kabisa, vimekaa ubavu. Kibogoyo mwenyewe alisimama kando ya ukuta anakula kucha. Fundi seremala alikuwa kazini, akaitwa, akaja na vumbi la mbao nywele zote. Na pale mlangoni pa ua, jirani muuza mkaa alikuwa ameinama anatafuta kitu ardhini. Kitu gani, hakuna aliyejua, na alikitafuta kwa muda mrefu.

"Kaeni," bibi mtu akasema. "Sisemi kwa ubaya. Mkwe wangu, hujanikosea adabu hata siku moja. Lakini mjukuu mmoja yupo ardhini, na huyu mwingine ninaondoka naye. Atasoma kwangu. Mpaka hapo patakapokuwa pa kulea mtoto."

Mama mtu alikuwa amesimama na kikapu. Kilimtoka mkononi kikaanguka, kikabingirika kidogo. Shangazi mtu hakuwahi kumwona akiangusha kitu.

"Mama," akasema, "huyu ndiye aliyebaki."

"Ndiyo maana."

"Kaka," shangazi mtu akanong'ona, lakini kaka yake alikuwa anaitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na toka mazishi hata yale machache yalikwisha.

"Mtaa mzima unasema," bibi mtu akaendelea. "Mimi nilibisha. Nilisema mkwe wangu si mzembe. Basi nijibu mimi, niwe na la kuwajibu. Nani aliliacha pipa wazi?"

"Pipa ni langu, mama. Lilikuwa wazi."

"Sijauliza pipa ni la nani. Nimeuliza nani aliliacha."

"Ni langu."

"Unaona?" Bibi mtu akamgeukia mwanawe. "Hata kujitetea hataki. Wewe mtoto, lete sweta lako."

Kibogoyo hakuleta sweta. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia mguu, akafunga mikono nyuma ya goti kama mtu aliyepanda mti. Mama mtu akaweka mkono juu ya kichwa chake. Hakulia, hakubisha. Alimtazama wifi yake mara moja tu, kwa haraka, akaondoa macho. Wala si jicho la kumlaumu. Lilikuwa jicho la mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

Ndipo shangazi mtu akajua kwamba anajua. Anajua toka siku ile ile.

"Mama," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka muuza mkaa mlangoni akanyooka. "Mfuniko niliuchukua mimi."

Akanyoosha kidole pale pipani.

"Zilikuwa shuka za gesti. Nyeupe. Nilishazikamua, beseni lina maji ya kusuuzia, sina pa kuziweka. Nikachukua mfuniko, nikaugeuza, nikaziweka juu yake, nikazibeba mpaka kwenye kamba nyuma ya nyumba. Huwa tunafanya hivyo."

"Acha," bibi mtu akasema. "Usimkingie kifua wifi yako. Najua mnapendana."

"Simkingii. Ngoja nimalize, mama, nikinyamaza sitaanza tena." Akaonyesha nyuma ya nyumba. "Nilikuwa kule nyuma naanika. Yeye akaita kutoka ndani. Akauliza kama kawaida yake, wifi, pipa limefunikwa? Na mimi nikajibu, limefunikwa. Nikajibu hivyo hivyo, mdomo umezoea. Mfuniko ulikuwa mikononi mwangu, mama. Nimeushika, nikasema limefunikwa."

Bibi mtu akamkazia macho. Huyu alikuwa binti yake wa mwisho, aliyembeba mgongoni.

Fundi akainuka. Shangazi mtu akafumba macho, akajua sasa ndiyo sasa. Lakini kaka yake alimpita, akaenda pipani, akauinua mfuniko, akaugeuza. Akapitisha kiganja upande wa chini, pole pole, kama anavyopapasa mbao kabla ya kuipiga randa.

"Umepauka," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. "Mbao ya kufunika maji inakuwa nyeusi chini, inaota ukungu. Hii imepauka kwa sabuni. Imebebeshwa nguo miaka." Akawatazama mawifi wote wawili. "Na niliwaona. Si mara moja. Nikawacheka, nikasema nitawatengenezea sinia la mbao, la mikono miwili. Mkanikumbusha. Nikasema wiki ijayo." Akaulaza mfuniko juu ya pipa taratibu. "Nina mabaki ya plaiwudi yamejaa kule kazini. Ingenichukua nusu saa."

"Na nani aliyeanza kubebea nguo hicho kitu?" bibi mtu akauliza. Hakuwa na ukali tena. Aliuliza kama mtu anayepapasa gizani.

"Mimi," mama mtu akasema. "Mwaka juzi, mvua zilipoanza, ua ukawa tope. Yeye aliiga kwangu. Siku ile angekuwa ndani na pasi, mimi niko na shuka, ningeuchukua mimi, mama. Ningeuchukua bila hata kufikiri."

Kikasikika kishindo kidogo mlangoni: muuza mkaa alikuwa anarudi nyuma taratibu, akajikwaa kwenye ndoo.

"Jirani!" mama mtu akamwita.

"Abee?"

"Usiondoke na nusu. Ukienda kusimulia, simulia yote. Na sinia pia ulitaje."

Muuza mkaa akaitikia kitu kisichosikika, akapotea.

Bibi mtu alikuwa bado anamtazama binti yake, halafu mkwe wake, halafu ule mguu wenye mtoto. "Ulijua," akamwambia mkwe wake. "Ulijua ni huyu wangu, ukaniacha nikupakie mtoto kwenye begi."

"Nisingekuacha ufike barabarani, mama. Hapo ningepiga kelele. Lakini nilikuwa natafuta namna ya kumzuia huyu bila kumtupa yule."

Bibi mtu akainama. Akavitoa viatu vya shule begini, akavipangusa kwa upindo wa gauni lake ingawa vilikuwa safi, akaviweka chini, kimoja kando ya kingine, vidole vikitazama ndani ya nyumba. Halafu akaanza kutoa nguo.

*

Jioni mawifi walibaki wawili uani. Shangazi mtu alikuwa amefunga sanduku lake. Lile lile moja.

"Hilo la nini?" mama mtu akauliza.

"Sijui. Nimeona nilifunge."

"Lifungue. Una vibanio vyangu humo, nakujua."

Shangazi mtu akacheka na kulia kwa pamoja, pua imejaa. Akajipangusa kwa mkono. "Ulijuaje, wifi?"

"Nilipozunguka nyuma, watu wanapiga kelele, niliuona mfuniko umeegemea ukutani, karibu na kamba. Nikaurudisha kabla hawajaangalia."

"Mwanao yuko chini pale, ukakumbuka mfuniko?"

"Hata sijui nilifanyaje. Mikono ilikwenda yenyewe." Mama mtu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akagundua amekaa juu ya nini, akainuka, akaenda kukaa kizingitini. "Usinifanye malaika. Siku ya pili nilitaka kukusukuma kichwa humo humo pipani. Nilikuwa nakusikia unavyolia chumbani kwako, nasema, lia, lia vizuri. Sikukuhurumia."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikamkumbuka Kidoti akiamka. Alikuwa hataki mimi nimvalishe viatu. Anakuita Angazi, Angazi, mpaka uje. Nikasema, mimi nimefiwa, na huyu amefiwa, tena yeye hana hata pa kuegemea. Mtaa umeshapata wa kumtafuna. Wawili wa nini?" Akavuta pumzi. "Lakini nilitaka useme, wifi. Usingesema, sijui ningekaa na wewe mpaka lini. Ningejikaza kisabuni, lakini sabuni nayo inaisha."

Shangazi mtu alifikiria maneno ya kuomba msamaha, akayaona yote ni madogo, akasogea akakaa kizingitini naye. Bega likagusa bega. Mwenzake hakusogea.

Mtaa haukubadilika kwa siku moja. Kuna waliohamisha maneno kutoka kwa mama mtu kuja kwa shangazi mtu, na bombani wakawa wanamnyamazia yeye. Mama mtu akawa anakwenda naye, anasalimia wa kwanza, anamwambia kwa sauti ya kusikika, "Wifi, kinga na wewe." Kinyozi naye alituma sauti nyingine. Haikuwa ndefu kama ya kwanza, na alijikwaa jikwaa. Alisema alikwenda kwake mchana ule akakuta pipa wazi na mtoto amesimama kando yake ameshika ukingo. Alisema tu nendeni mkaangalie ya kwenu, halafu ikakatika. Watu wachache waliituma mbele. Haikuzunguka kama moto. Lakini wiki hiyo fundi seremala aliletewa oda za mifuniko mpaka akamaliza mabaki yote, na kila mmoja aliupa mkono wa kamba juu na kipande cha bati kizito chini, usigeuzike sinia.

Alhamisi iliyofuata gesti walirudisha shuka zao. Hawakueleza kwa nini, na mawifi hawakuuliza. Bibi mtu alikuwa bado hajaondoka. Alikaa kivulini anamfundisha Kibogoyo kusoma kwa sauti, naye Kibogoyo ndiye aliyekuwa anamsahihisha.

Shangazi mtu alikamua shuka ya mwisho, akazipanga zote juu ya sinia jipya la mbao, la mikono miwili, bado linanuka randa. Akalibeba mpaka nyuma ya nyumba. Alikuwa ametundika shuka mbili, kibanio cha tatu mdomoni, aliposikia kutoka ndani, juu ya mlio wa pasi:

"Wifi!"

Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ile. Bibi mtu akainua uso. Kibogoyo akaweka kidole kwenye mstari.

"Wifi, pipa limefunikwa?"

Shangazi mtu akatoa kibanio mdomoni. Akaiacha shuka nusu imening'inia, akazunguka nyumba yote, akafika uani, akaweka kiganja juu ya mfuniko. Akaukandamiza. Akautikisa kushoto na kulia.

Ndani hapakusikika pasi. Mwenzake alikuwa amesimama anasubiri.

"Limefunikwa," akajibu.

Na pasi ikaendelea.